Tulivyoiimba Katiba kutafuta nyama, Dodoma miaka ya tisini

Wakuu, habari za mihangaiko. Hili lilinikuta mwenyewe, chumvi nimeiacha jikoni.

Vyama vingi ndiyo vimeingia, mimi nasoma sekondari ya bweni upande wa Mvumi. Yakatangazwa mashindano ya Katiba kwa shule zote, fainali Dodoma mjini.

Mkuu wa shule akasimama paredi: "Mkishinda, ng'ombe anachinjwa!"

Tulikuwa tunakula makande mchana na usiku, kwa hiyo mnaelewa uzito wake. Shule nzima ikaanza kutupisha njia, mimi na mwenzangu Neema, wawakilishi wao.

Mwalimu wetu wa Uraia, Mgogo halisi, akavitungia vifungu vya haki wimbo wa kwao, wa kutikisa mabega. Tuliuimba kila jioni mpaka wapishi wakaukariri.

Tatizo, wimbo ulianzia kifungu cha 12. Mimi Msambaa wa watu, ukinianzishia katikati napotea.

Fainali tukafungana na shule moja ya mjini. Swali la mwisho likaniangukia: "Kifungu cha 18 kinatoa haki gani?"

Nikaanza 12, kimoyomoyo. Kufika 14 sauti ikanitoka. Kufika 15, mabega nayo yakaanza. Ukumbi mzima hoi kwa kicheko.

Jaji akagonga meza: "Kijana, acha kuimba, jibu swali!"

Neema akasimama, amefura: "Shikamoo mheshimiwa. Mwache aimbe, ana uhuru wa kutoa mawazo yake!"

Jaji akacheka mpaka akavua miwani. "Basi hilo ndilo jibu." Neema mwenyewe hakujua kama amejibu.

Tukarudi na kikombe, wenzetu wamejaa getini. Mkuu akakohoa: "Nilisema atachinjwa. Sikusema lini."

Wakuu, niliumia. Yaani makande tena?

Mtu mmoja huko nyuma akaanzisha wimbo, kuanzia 12 kabisa. Shule nzima ikadaka, wapishi na miiko yao mikononi. Tulipofika 18 tukagoma kuendelea, tunairudia hiyo hiyo.

Mkuu akawageukia wapishi: "Haya, noeni visu."

Nilichojifunza: kifungu nilikikariri darasani, lakini nilikielewa pale getini, tumbo likiwa tupu.

Ng'ombe mwenyewe alikuwa mzee, nyama ngumu kama kandambili. Hakuna aliyelalamika, ingawa Katiba ilituruhusu.

Mliosoma bweni enzi hizo, nyinyi nyama mliidaije? Shusheni hapa chini.