Boliti Niliyoiosha

Nakumbuka asubuhi moja ya joto huko Matrah, mji wa bandari wa Uarabuni, miaka ya sitini ikielekea ukingoni, nilipochutama nje ya nyumba ya jenereta nikiisugua boliti iliyokatika kwa mafuta ya taa na msasa, mpaka ikang'ara kama kijiko cha harusi. Upumbavu nimeufanya mwingi maishani, mwanangu, lakini ule niliufanya kwa bidii.

Nilikuwa nimetoka chuo kikuu karibuni, nna shahada moja na suruali mbili. Jenereta letu la dizeli lilitoa umeme wa zahanati na nyumba chache. Mji uliobaki ulikuwa na fanusi zake. Siku mbili kabla, boliti ya mkono wa pistoni ilikatika, mkono ukatoboa ubavu wa injini, na mtambo ukazima. Msimamizi wetu, Mzungu asiyependa maneno mengi, alikwisha kuhukumu: Dur Muhammad, Mbaluchi aliyekuwa akitia mafuta ya kulainisha injini, amesahau kutia. Afukuzwe. Na nani Matrah angemwajiri mtu aliyeua injini?

Ami Nassor, fundi mzee aliyetumikia mitambo ya umeme Unguja, aliomba jambo moja tu: avione vipande kabla mtu hajafukuzwa. Mimi nikatumwa kuvileta. Sasa kwetu, kama ujuavyo, hupeleki kitu kichafu mbele ya mtu mzima. Mama yangu akiazima sufuria, huirudisha ikimeta kuliko ilivyotoka kwa mwenyewe. Basi nikaiosha.

Ami Nassor alikipokea kile kipande, akakigeuza mara mbili.

"Nani kakwambia uioshe?"

"Ilikuwa na masizi, Ami. Nikaona si adabu."

"Maiti huoshwa, lakini kwanza huulizwa kafa na nini. Wewe umekwisha osha na kukafini, bado kusalia tu."

Dur Muhammad, aliyeketi juu ya debe, alicheka bila kutaka. Kisha uso ukamshuka. "Na anayezikwa ni mimi," akasema. "Mafuta nimetia, wallahi. Shahidi wangu alikuwa hayo masizi."

Majuto ni mjukuu, husema wazee, na wangu alikuwa amekwisha nikalia mapajani.

Bahati nusu ya pili ilikuwa bado imenasa ndani ya mkono wa pistoni. Ami Nassor aliitoa mwenyewe, taratibu, bila kugonga nyundo. Nilipotaka kuifuta kwa kitambaa, alinishika kifundo cha mkono. Akaipeleka mlangoni penye jua, akatoa lenzi ndogo ya mafundi saa.

"Njoo utazame, Bwana Shahada."

Nikatazama. Hapo, mwanangu, nilistaajabu. Juu ya uso ule wa chuma, usiozidi ukucha wa kidole gumba, palikuwa na mistari myembamba, mmoja nje ya mwingine, kama ile yanayoiacha maji mchangani yakipwa. Ufa ulianzia ukingoni, ukatambaa kidogo, ukatulia, ukatambaa tena, wiki baada ya wiki, na sisi tukipita kando yake tukitaniana. Siku injini ilipozima, kilichokuwa kimebaki kuishika boliti ni kipande chembamba tu. Chuma kilikuwa kimeandika habari zake chenyewe, na hapakuwa na aliyekituma.

Ami Nassor akapitisha kidole kwenye beringi. "Laini. Mafuta yapo, haikuungua. Huyu hakufa kwa kiu." Akanirudishia lenzi. "Sasa tazama mistari inaanzia wapi."

Ilianzia kwenye alama ndogo ya patasi, kidonda kilichokipa chuma pa kuanzia kupasuka. Niliijua kama ninavyoijua sahihi yangu. Miezi mitatu nyuma, tulipoifungua injini, mimi ndiye niliyezitia boliti alama kwa patasi ili nisizichanganye. Nilijisifu sana kwa mpango ule.

Ami Nassor hakuuliza alama ni ya nani. Aliitwaa lenzi yake, akaifuta. "Msimamizi yupo ofisini mpaka adhuhuri," akasema.

Nilikwenda. Ofisi haikuwa mbali, ila siku ile ilikuwa mbali. Nikaweka kile kipande mezani pamoja na masizi yake, nikasema alama ni yangu. Dur Muhammad alibaki na kazi yake. Mimi nilipewa ufagio, miezi minne, na kila asubuhi Dur Muhammad alinipisha mlangoni: "Tafadhali, Bwana Shahada."

Baadaye riziki ilinipeleka ughaibuni, kwenye mitambo ya umeme wa nyuklia, kuchunguza vali na pampu zilizoharibika. Huko kipande kilichovunjika hupigwa picha na kufungiwa kabla hakijaguswa, na watu wenye shahada nzito kuliko yangu hukiinamia kimya. Kila mara nilistaajabu upya. Chuma hakina ulimi, na hakisemi uongo. Waongo ni sisi tunaokisugua.

Basi mwanangu, kitu kikikuvunjikia, iwe mashine, kazi au ndoa, usikimbilie kukipendezesha mbele za watu. Kitazame na uchafu wake. Usipoziba ufa utajenga ukuta, ni kweli, lakini ufa uliozibwa kabla ya kusomwa umefichwa tu. Usimtafute wa kulaumiwa kabla hujaijua sababu, maana anayeonekana kwanza siku zote ni mnyonge. Na njia ya sababu ikikufikisha mlangoni pako mwenyewe, piga hodi, uingie.

Mola akujaalie jicho lenye subira, na ulimi mwepesi wa kusema "ni mimi" kabla mwingine hajaadhibiwa. Akuhifadhi wewe, na wote watakaolala salama kwa kuitegemea kazi ya mikono yako.