Laini ya Mtaa wa Kwao

Kazini walimwita Mkavu, maana sauti yake haikupanda hata mambo yalipochacha. Alikuwa mwongozaji wa gridi, mmoja wa wale wanaokaa mbele ya ukuta wa skrini, simu kushoto, simu kulia, chai ikipoa katikati, wakihakikisha umeme unaozalishwa unalingana na unaotumika. Namba aliyoitazama kuliko sura za watu ilikuwa hamsini: mapigo ya umeme kwa sekunde. Ikishuka kidogo, unakunja uso. Ikishuka sana, nchi nzima inaingia gizani.

Mapenzi ya kazi ile aliyapata kwa baba yake. Mzee alizeekea kwenye kituo cha kuzalisha umeme kwa mvuke wa makaa, na wenzake walimbandika jina la Gurudumu kwa alivyopenda kusimulia habari za lile dude la chuma lililozunguka ndani ya mtambo. "Hitilafu ikitokea," angesema, "lile halisimami papo hapo. Linajikongoja, linakupa nafasi ya kufikiri." Kituo kilifungwa paneli za jua zilipoenea. Mzee hakununa, makaa yalishamla mapafu, naye alifurahi kuona umeme usio na moshi. Ila inverta, vile vifaa vinavyougeuza umeme wa paneli uingie kwenye gridi, hakuacha kuzitania. "Hao ni wageni waoga, mwanangu. Sufuria ikidondoka jikoni, wote wameshatoka mlangoni!"

Mapafu yalipozidi kuchoka, akawa mtu wa mashine ya oksijeni, inayonguruma kando ya kitanda mchana na usiku. Aliyemtunza ni kitinda mimba wake, fundi cherehani aliyeshonea sebuleni ili amsikie baba akikohoa. Nyuma ya mlango ulisimama mtungi wa akiba, wa siku umeme ukikatika.

Mkavu aliwahi kumwambia, "Baba, naweza kuomba laini ya mtaa wetu itolewe kwenye orodha ya kukatwa umeme ukipungua, kama za hospitali."

"Na yule wa mtaa wa pili mwenye mashine kama hii, binti yake anafanya kazi wapi?"

"Baba, huu si wakati wa ubishi."

"Mtungi si upo? Basi niache."

Akamwacha.

Siku yenyewe jua lilikuwa la utosi na mbingu nyeupe. Paneli zilibeba karibu mzigo wote wa nchi. Winchi ya wajenzi ikagusa laini kubwa, na umeme ukayumba kufumba na kufumbua. Ilitosha. Inverta za mashamba ya jua zilikuwa zimepangwa kujizima zikihisi mtikisiko, zisije zikaungua. Zikajizima zote kwa pamoja. Namba ikaporomoka. Mitambo inayokata umeme yenyewe ikakata mitaa ya kwanza ili mzigo upungue, lakini namba iliendelea kushuka. Iliyobaki ilikuwa kazi ya mkono, na laini iliyofuata kwenye skrini ilikuwa ya mtaa wa kwao.

Kidole kilisita. Wenzake wanasema hawakukiona kikisita, yeye anajua. Mtungi upo nyuma ya mlango, alijiambia. Akabonyeza, akabonyeza na iliyofuata. Namba ikasimama, kisha ikaanza kupanda taratibu kama mgonjwa anayejaribu ngazi. Chumba kizima kikashusha pumzi.

Akampigia mdogo wake.

"Dada, niko kwenye foleni huku, kelele tupu. Nimekuja kujaza mtungi."

"Mtungi gani?"

"Wa baba. Ulikwisha jana mashine ilipogoma."

"Rudi nyumbani. Umeme hakuna."

Mkavu alisikia miguu ikikimbia.

Mkavu akampigia mama jirani, akamwomba aende upesi. Mkuu wa zamu aliposikia, alisema laini ile irudishwe ya kwanza. Lakini huwezi kurudisha mzigo juu ya gridi inayotetemeka, na hilo Mkavu ndiye aliyelisema, kwa sauti ileile kavu. Umeme uliporudi mtaani, mashine ilianza kunguruma tena kando ya mtu aliyekwisha kufa. Mama jirani alikuwa amemwinua kifuani akimpepea na mfuniko wa ndoo. Alisema mzee aliuliza jambo moja tu: "Ni mtaa mzima?" Alipoambiwa ndiyo, ni mtaa mzima, akatikisa kichwa kukubali.

Baada ya mazishi, mdogo wake alimsubiri uani mpaka watu walipotawanyika.

"Ulijua ni laini yetu?"

"Nilijua."

"Ukabonyeza."

"Nikabonyeza. Na wewe ulienda kujaza mtungi. Hakuna aliyefanya vibaya, mdogo wangu."

"Usiniweke na mimi humo!" alisema mdogo wake. Alikuwa ameshajiweka mwenyewe humo tangu siku ile, na ndicho kilichomuuma zaidi. Wiki hiyohiyo akabeba cherehani yake, akapanga chumba mbali.

Kazini walimpigia Mkavu makofi kwa kuiokoa gridi. Alishukuru, akaenda msalani, akaacha bomba likimwaga maji mpaka makofi yalipokoma.

Baadaye wahandisi walibadilisha mipangilio ya inverta ili zivumilie mtikisiko. Wakaongeza betri kubwa zenye inverta za aina nyingine, zinazosukuma umeme mara tu namba inapoanza kushuka. Siku moja mchana laini kubwa ikapata hitilafu tena. Namba ikashuka kidogo, ikarudi, kabla mtu hajanyanyua mkono. Wenzake wakacheka, wakagongana viganja. Mkavu aliomba ruhusa, akakaa kwenye ngazi za nje, akalia kwa sauti, yeye ambaye makaburini hakutoa chozi.

Jioni alimpigia mdogo wake, akamweleza.

"Kumbe ilikuwa inawezekana," alisema yule.

"Ilikuwa inawezekana."

"Haya, dada. Usiku mwema."

Mpaka leo salamu za mdogo wake huzipata kupitia kwa mama jirani. Nyumba ya mzee imefungwa. Siku za mapumziko Mkavu huenda kufagia, akafungua madirisha, akakaa kidogo sebuleni, kisha akafunga na kurudi zake.