Salamu ya Kuvuka Ua

Nakumbuka ilikuwa Jumatano, saa kumi jioni, nilipofika nyumbani Kishanda na begi langu la shule. Shule yetu ya Bukoba ilikuwa imefungwa kwa sababu ya korona, na Baba akaagiza nikae chumba cha nyuma, ng'ambo ya ua, siku kumi na nne, nisimkaribie Bibi.

Asimwe, mdogo wangu, wakati ule ulikuwa bado unabebwa mgongoni. Sasa unakwenda bweni, ndiyo maana nakuandikia.

Unajua sisi mabinti tunamsalimu mkubwa kwa kupiga magoti mbele yake, mikono ndani ya mikono yake. Kwa kuwa sikuruhusiwa kumfikia, mimi niliacha kumsalimu kabisa. Nilidhani namlinda. Na kupaza sauti ivuke ua, mimi? Darasani hata jina langu nilikuwa nalitaja kwa kunong'ona.

Nikajifungia, natoka kwenda chooni tu. Nikikohoa kidogo tu moyo unakwenda mbio, naona nimeshaua mtu. Sikumwambia yeyote.

Siku ya sita, dirishani, nikamwona Mama anarudisha jikoni sahani ya Bibi. Ndizi hazijaguswa, kama za jana yake. Bibi alikaa barazani anautazama mlango wangu.

"Wewe binti, nimekukosea nini? Siku sita unanipita kama kisiki."

"Naogopa nitakuua, Bibi."

"Sisikii."

Nikafungua mlango, nikapiga kelele. "Naogopa nitakuua!"

Majirani waliokuwa wanapalilia kahawa wakainuka kutazama. Bibi alicheka mpaka akashika mbavu.

"Kwa sauti hiyo, labda. Mwanangu, umekatazwa kunigusa. Nani alikukataza kunisalimu?"

Basi nikamwaga yote, toka mlangoni pangu: kikohozi, moyo, ndoto mbaya. Naye akakiri kwamba usiku haogopi ugonjwa, anaogopa kwamba tumemchoka. Kisha akamwita Mama, akadai ndizi zake. Akala zote, naangalia. Sijawahi kufaulu mtihani nikafurahi vile.

Kwa hiyo, Asimwe, ukiambiwa kaa mbali, kaa mbali kweli. Ila usinyamaze. Hofu yako mwambie mtu, hata kama sauti itatetemeka, na mkubwa wako msalimu hata akiwa ng'ambo ya ua. Mungu akupe sauti, akupe na wa kukuitikia.

Asubuhi iliyofuata nilipiga magoti kwenye umande, palepale mlangoni pangu, nikamsalimu Bibi. Aliitikia yeye, wakaitikia na majirani watatu.