Saa ya Mpingo

Marselino, mume wangu, hakuwa mtu wa kubishana, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi siku ile. Ilikuwa Jumamosi asubuhi, mwaka 1976, tumekaa mbele ya meza ya afisa madai wa bima, bwana mmoja wa Bukoba aitwaye Revelian, naye anatusogezea karatasi tuisaini tupokee nusu. Nusu ya thamani ya gari zima. Nikamwona mume wangu anaitazama kalamu.

Niseme kwanza alikuwa mtu gani. Alitoka Newala mwaka mmoja kabla ya Uhuru, na tezo na patasi kwenye kikapu, akachonga vinyago Temeke, kwenye banda la makuti, hadi vidole vikawa vigumu hata kushika sindano hawezi. Maneno alikuwa nayo machache. Ukimtukana, anakuuliza kama umekula. Baada ya miaka kumi na tatu alinunua Pijo ya pikapu, kuukuu, ya kubebea magogo ya mpingo kutoka Vikindu, akaikatia bima kubwa, nami nikamsema kwamba anawagawia watu wa mjini hela ya bure. Gari lile ndilo lililotuweka mjini. Bila gari hakuna mpingo, na bila mpingo tungefungasha kurudi Newala, kwa sababu siku zile asiye na kazi ya kuonyesha alikuwa hana amani Dar es Salaam.

Ajali ilitokea Jumapili, Mbagala. Lori lilihama upande wake, Marselino akalikwepa, Pijo ikaenda kujibamiza kwenye mkorosho. Yeye alitoka na jeraha la paji la uso. Gari halikusalimika. Mafundi walilitazama mara moja wakasema limekufa. Askari alifika na baiskeli saa tisa alasiri, akaandika alichokikuta.

Fomu ya bima niliijaza mimi. Nilikuwa nimemaliza kisomo cha watu wazima miezi minne tu kabla ya hapo, na nilikuwa naandika kila kitu kilichokaa kimya mbele yangu. Marselino alisema, nami nikaandika. Tarehe, nikaandika. Mahali, nikaandika Mbagala kwa herufi kubwa. Saa ya ajali, akasema saa mbili na nusu, nami nikaandika 2.30, nikaona nimeandika vizuri kuliko karani.

Sasa Revelian alikuwa ameweka kidole hapo hapo kwenye 2.30.

Alitueleza kwa upole, na upole wake ulinitisha. Jumapili, kuanzia saa nane mchana, magari ya watu binafsi yalikuwa marufuku barabarani ili kubana mafuta. Hilo tulilijua, nani asingelijua? Fomu zao zinasomwa kwa saa za Kizungu. Kwa hiyo 2.30 ni saa nane na nusu mchana, gari lilikuwa barabarani kinyume cha sheria, na bima hailipi gari linalovunja sheria. Wakubwa wake wamekubali kutoa nusu kwa huruma tu, kwa kuwa kosa la lori linaonekana. Tukikataa, jalada linafungwa na hatupati hata senti.

Nikamwambia ilikuwa asubuhi, saa mbili na nusu ya asubuhi, misa ya kwanza ndiyo kwanza inatoka. Akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyeyasikia hayo mara nyingi.

"Mama, kila anayeambiwa habari ya saa nane huniambia ilikuwa asubuhi," akasema. "Ningependa kukuamini. Lakini askari alilikuta gari saa tisa. Na mkadiriaji wetu alikwenda kuliona, naye ameandika hivyo hivyo."

Akatusomea taarifa ya mkadiriaji. Saa iliyomo ndani ya gari ilisimama nyaya zilipokatika. Mshale mrefu umevunjika. Mshale mfupi uko katikati ya mbili na tatu.

Fomu inasema mbili na nusu, gari lenyewe linasema mbili na nusu, na mwandishi wa fomu ni mimi, Bernadeta, mwenye cheti cha kisomo ukutani. Niliona aibu mpaka nikatamani nisingejua kuandika hata jina langu. Marselino akaichukua kalamu.

"Baba Kasiani, usisaini," nikamwambia. Kasiani ni mwanetu wa kwanza.

"Tutafanya nini, mama Kasiani?" akanijibu, bila hasira.

Nilikuwa na kiburi, nacho wakati mwingine kinafaa. Nikamwomba Revelian aisome tena ile taarifa, yote, asiruke neno. Akatazama saa yake ya mkononi, akasoma. Alipofika kwenye saa ya gari kulikuwa na maneno ambayo mara ya kwanza aliyaona hayana maana: kwamba saa hiyo imegeuka kichwa chini kwa kishindo cha ajali, kumi na mbili imekuwa chini na sita juu.

Marselino akaiweka kalamu mezani.

"Haikugeuka," akasema. "Niliichonga hivyo."

Nikakumbuka. Mwaka uliotangulia alipoteza siku mbili nzima, wateja wanamngoja, akichonga kisahani chembamba cha mpingo, cheusi kama uso wa saa ya kiwandani, akajaza tarakimu kwa chokaa. Penye kumi na mbili akaweka sita, penye nane akaweka mbili, hivyo hivyo mpaka mduara ukaisha, akakiweka chini ya mishale ya ile saa ya Pijo. Nilimgombeza kweli kweli. Nilimwambia mtu mwenye akili hachongi saa wakati ndani hakuna unga.

Revelian akasema yeye huandika anachokiona kwa macho yake, na gari liko Kipawa, na mnunuzi wa vyuma chakavu analichukua leo saa sita. Ilikuwa saa nne na nusu. Tukapanda Landrova ya ofisi, nami njia nzima nikimlaumu dereva moyoni kila alipokanyaga breki.

Kwenye uwanja wa Kipawa Pijo yetu ilikuwa imesogezwa karibu na lango, tayari kuondoka. Revelian akaingiza kichwa dirishani, nami nikaingiza changu kwa upande wa pili. Pale palipokuwa na saa palikuwa na tundu.

Sijui kama nimewahi kumchukia mtu nisiyemjua kama nilivyomchukia mwizi yule. Mlinzi wa uwanja, mzee Nassibu, akaapa kwamba hajui lolote. Aliapa haraka mno. Revelian akafunga jalada lake. Akasema anasikitika, na nilimwona anasikitika kweli, lakini kusikitika kwake hakutuletei mpingo. Akatoa ile karatasi ya nusu akaiweka juu ya boneti.

Marselino hakuitazama. Alimwendea mzee Nassibu, akamwamkia shikamoo kwa heshima zote, akamuuliza sasa saa ngapi.

"Saa tano imepita kidogo," mzee akajibu, na macho yake yakakimbilia kwenye kibanda chake.

Kule ndani, juu ya kasha, saa yetu ilikuwa imeungwa kwenye betri kuukuu, inatembea na mshale wake mmoja. Mzee akadhani ameletewa polisi.

"Nisameheni, wanangu. Saa za magari zote humu zinanichanganya. Hii ndiyo pekee inayosoma saa zetu, mie nikaona isiende kuyeyushwa."

Revelian aliipangusa vumbi, akaishika usawa wa macho. Mshale ulikuwa umepita kidogo tarakimu ya tano, na hiyo tano ilikaa pale inapokaa kumi na moja ya saa zote za Kizungu. Akaitazama saa ya mkononi mwake, akarudi kuitazama hii. Akapitisha ukucha kwenye ukingo wa mpingo. Nikaona midomo yake inahesabu. Ikiwa mkadiriaji alisoma mbili na nusu hapa, basi ilikuwa saa mbili na nusu ya kwetu, na saa mbili na nusu ya usiku haiwezi kuwa, kwa sababu askari aliliona gari limekufa saa tisa alasiri. Ile taarifa ya askari iliyotunyonga asubuhi ndiyo iliyotufungua.

Akaikunja karatasi ya nusu, akaitia mfukoni. Akasema tutalipwa yote, na kwamba nitajaza fomu upya. Nikakaa chini palepale kwenye mchanga.

"Lakini Ndugu Marselino," akauliza, "kwa nini ulijisumbua? Si unajua kusoma saa za Kizungu?"

"Najua," akasema.

Nilidhani ndiyo amemaliza, kwa kawaida yake.

"Mke wangu alikuwa ndiyo kwanza anaanza kisomo. Siku moja aliisoma ya garini kama ilivyoandikwa, asubuhi akasema saa nane, jirani yetu Mauwa, tuliyempa lifti, akamcheka njia nzima mpaka Mtoni. Tangu siku ile akawa anapanda gari anatazama nje. Nikataka asome saa anayoijua."

Mimi siku ile ya Mauwa nilikuwa nimeizika, na sikujua kama kuna mtu mwingine anayeikumbuka. Mwaka mzima nilipanda gari lile nikatazama nje, sikuisoma saa yake hata mara moja.

Revelian akanipa fomu mpya na kalamu yake. Nikaiweka juu ya boneti, na mahali pa saa sikuandika tarakimu. Niliandika kwa herufi, polepole, huku machozi yananisumbua: saa mbili na nusu asubuhi.