Darasa la Ghorofani

Nkasiogi alikuwa akimkatia ng'ombe majani nyuma ya nyumba yake, kule Elerai, alipopigiwa simu kutoka shuleni: Joyce ameanguka kwenye ngazi.

Alimkuta binti yake ofisini, paji la uso limefungwa kitambaa, damu imekaukia kwenye kola. Joyce alizaliwa na mgongo wazi. Miguu yake haina nguvu. Tangu darasa la kwanza alisukumwa kwenye kiti cha magurudumu hadi mlangoni mwa darasa. Alipoingia la sita, darasa likawa ghorofani, na wenzake wakawa wanambeba. Asubuhi ile mmoja wao aliteleza.

Mwalimu mkuu, Mwalimu Ephraimu, hakufoka. Alisema kwa sauti ya chini kwamba mtoto akae nyumbani kwanza, mpaka apate nafasi kwenye shule ya bweni ya watoto wenye ulemavu. Itapatikana lini, hakusema.

Wiki zikapita. Joyce aliacha kufungua vitabu. Wenzake walipokuja kumwona, alijigeuza ukutani akajifanya amelala. Baba yake, Yoeli, hakutaka ugomvi. Wadogo zake Joyce walikuwa wanasoma shule ileile, naye aliogopa hasira za walimu zisije zikaishia kwao. Nkasiogi aliogopa hivyohivyo, akanyamaza.

Kisha jioni moja, Nkasiogi akimwogesha, Joyce alimuuliza, "Mama, ndiyo nimeshamaliza shule?"

Kesho yake Nkasiogi alikwenda kwa Pudensiana, msaidizi wa kisheria wa mtaani, aliyezoea kuwasaidia wajane na kesi za mirathi. Pudensiana alimweleza kwamba ipo Sheria ya Watu Wenye Ulemavu, na kwamba shule ya serikali hairuhusiwi kumkataa mtoto kwa sababu ya ulemavu wake. Kinachotakiwa kurekebishwa ni mazingira ya shule. Nkasiogi alimwomba aseme tena, kama mtu asiyeamini masikio yake. Halafu akaomba wakienda shuleni wasiende wawili tu: Joyce naye awepo.

Jumatatu walimsukuma Joyce akiwa amevaa sare. Uwanjani wanafunzi walikuwa mstarini, na wote waligeuka kumtazama. Joyce aliinamisha kichwa. Nkasiogi alikisukuma kiti moja kwa moja hadi mlangoni mwa ofisi.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba, Mama Joyce." Mwalimu Ephraimu alimtazama Pudensiana, akawakaribisha ofisini, akafunga mlango.

Pudensiana aliitaja sheria. Mwalimu alisikiliza huku akisugua macho. Akauliza, "Akianguka tena akavunjika shingo, nani ataulizwa? Ninyi au mimi?" Akaongeza kwamba vyumba vya chini ni vya watoto wadogo, akiwapandisha la kwanza ghorofani, ataanguka mwingine.

Hapo Pudensiana akakwama. Mwalimu hakuwa akidanganya.

"La nne nao wako chini, na si wadogo," alisema Nkasiogi. "Wapande wao, la sita washuke. Mwalimu, mimi simwondoi mtoto hapa leo. Mkitaka, tutakaa naye chini ya ngazi, afundishwe hapo."

Mwalimu Ephraimu akampigia afisa elimu maalumu wa halmashauri na kuiweka simu mezani ili wote wasikie. Huenda alitaka mkubwa wake amuunge mkono. Sauti ya mwanamke iliuliza jambo moja tu: mtoto aliondolewa kwa amri ya nani? Mwalimu alibabaika. Afisa akasema mtoto aingie darasani siku hiyohiyo, vyumba vibadilishwe, naye atakuja kuhakikisha.

Kabla ya saa sita madawati yalikuwa yanashushwa.

Haikuishia hapo. Baadhi ya wazazi wa la nne walimnunia Nkasiogi kisimani, na mwalimu mkuu hakumsalimu muhula mzima. Wadogo zake Joyce hawakuguswa na mtu. Joyce mwenyewe alichukua muda kuwazoea tena wenzake, hasa yule aliyeteleza, ambaye alikuwa akimkwepa kwa aibu. Walipatana kwenye hesabu za sehemu, zilizowashinda wote wawili.

Ila vyoo vya shule vina milango myembamba, kiti hakipiti. Kila mapumziko Nkasiogi hukimbia shuleni kumbeba binti yake, ambaye sasa ni mzito. Wiki iliyopita alikwenda tena kwa Mwalimu Ephraimu kuzungumzia choo. Safari hii alikwenda peke yake.