Nanzala na Msichana wa Kakamega

Nadia alikuwa msusi wa nywele mtaa wa Amalemba, Kakamega, na wateja wakipungua aliandika hadithi kwenye simu. Ilimhusu Shakila, msichana wa leo aliyelala Kakamega akaamkia Mumias ya enzi za misafara ya watumwa na pembe za ndovu. Kila sura aliituma kwenye kundi la WhatsApp, na watu waliipenda kwa sababu Shakila alikuwa na mdomo.

Sura iliyochekesha zaidi ilikuwa ya Nanzala, mwanamke aliyetekwa na wenye msafara. Kamba aliyofungwa ilikuwa imelegea, lakini yeye aliwafuata tu. Shakila akamsimanga njia nzima, akimuuliza miguu alipewa ya nini.

Siku ya Idd Nadia alienda kwao Mumias. Baada ya chakula, binamu yake Bashir aliwasomea jamaa sura hiyo kwa sauti. Wakacheka mpaka wakashika mbavu, Nadia akiwa katikati yao, amejaa fahari.

Nyanya yake, Mwanamisi, hakucheka. Aliuliza huyo mwanamke anaitwa nani. Bashir akarudia jina.

"Nanzala ni mama wa nyanya yangu," Mwanamisi alisema. "Nilikuhadithia, Nadia. Mtoto wake alikuwa mbele, amebebwa na mtu wa msafara. Angekimbilia wapi?"

Hapo Nadia akakumbuka. Alikuwa mdogo, anasinzia mapajani mwa nyanya. Jina na kamba vilimbakia kichwani, habari ya mtoto ikamponyoka, na miaka yote alidhani jina hilo amelibuni mwenyewe. Alikusanya sahani akaenda kuziosha nyuma ya nyumba, hata zile zilizokuwa safi, ili asitazamwe.

Aliifuta sura, lakini ilikuwa imeshasambaa. Saluni wateja walitaniana, "Wewe nawe, kamba imelegea!" naye akasuka bila kuinua macho.

Akaiandika upya. Safari hii Shakila anamwona mtoto, ananyamaza, anatembea kando ya Nanzala. Kwenye kundi walilalamika kwamba Shakila amepoa.

Nadia alirudi Mumias akamsomea nyanya sura hiyo mpya yeye mwenyewe. Mwanamisi alisikiliza mpaka mwisho.

"Na huyo msichana wako," akauliza, "alimpokea mzigo?"

Nadia alisema hapana. Haikuwahi kumpitia akilini kwamba Nanzala alikuwa amebebeshwa mzigo.