Afisa Uvuvi Asiyekula Samaki

Nimekuwa afisa uvuvi kwa miaka kumi na sita, tisa kati ya hiyo nikiwa hapa Songea, na huu ni mwaka wa nne sili samaki. Watu wakisikia hivyo hucheka kwanza, kisha huniangalia vizuri kuona kama ninaumwa.

Kazi yangu ni ya mabwawa. Mkoa wetu una ziwa, lakini ziwa liko mbali, upande wa Nyasa. Hapa mjini na vilimani kunakotuzunguka samaki hufugwa. Napanda pikipiki ya ofisi, nakwenda Matogoro, siku nyingine nafika hadi njia ya Peramiho, namwonyesha mtu mahali pa kuchimba, napima maji, namwambia aweke vifaranga wangapi na awape pumba kiasi gani. Juni na Julai baridi ikikaza, perege hugoma kula, na wafugaji wengine hudhani wamerogwa. Hao ndio niliokuwa nawashauri wafuge kambare. "Kambare ni mvumilivu," nilikuwa nasema. "Hafi haraka. Unamtoa majini asubuhi, mchana bado anahema, mteja anaona kwa macho yake kwamba ni wa leo." Sentensi hiyo nimeisema kwenye mabwawa mengi, na hakuna siku niliyojisikia vibaya.

Ninaishi Lizaboni, vyumba viwili na jiko la nyuma. Mume wangu aliondoka mwaka wa tatu wa kuwa kwetu huku. Alisema baridi ya Songea imemshinda, lakini sote wawili tulijua haikuwa baridi. Hatukuwa tumepata mtoto. Baada yake nilizoea kurudi kwenye nyumba ambayo kila kitu kiko pale pale nilipokiacha asubuhi, hata kikombe.

Siku hiyo ya Machi mfugaji mmoja alinipa kambare wawili kwa shukrani. Ilikuwa kawaida. Wafugaji walinipa samaki, nami nikawagawia majirani, na kwa njia hiyo mlango wangu uligongwa. Nilifika nyumbani saa tisa na nusu, nikawaacha kambare sakafuni jikoni ndani ya ndoo kavu, nikaenda kutawadha, nikaswali, nikabandika wali. Nilipogeuka ndoo ilikuwa imelala ubavu. Mmoja alikuwa ametulia karibu nayo. Mwingine alikuwa amevuka jiko lote. Mwili mzima umemgandia majivu na punje za mchele, anajivuta kwa mapezi ya kifuani, kushoto, kulia, kushoto, kuelekea mlango wa nyuma, ambako bomba huvuja na saruji haikauki.

Nilijua anachofanya. Chuoni nilijibu swali hilo kwenye mtihani: kambare hutambaa nchi kavu kufuata unyevunyevu. Lakini kwenye mtihani sikuandika kwamba anajua anakokwenda. Yule alijua. Kati ya sisi viumbe watatu tuliokuwamo jikoni, yeye ndiye pekee aliyekuwa na haraka.

Nisidanganye kwamba nilimwokoa. Mto haukuwa karibu, na mwingine alishakufa. Nilimkata kama nilivyokata mamia kabla yake, nikampika kwa nyanya na nazi kama kwetu Lindi, nikapakua, nikakaa. Sikuweza. Sufuria nzima nilimpelekea mama mwenye nyumba, nikala wali kwa chumvi.

Kwa miezi miwili sikumwambia mtu. Nyama nilikuwa nimeiacha zamani bila uamuzi wowote. Kupika nyama kwa mtu mmoja ni kazi, na sikuipenda sana. Samaki ni jambo jingine. Mimi ni mtoto wa pwani. Nilipokuwa mdogo baba alipochinja kuku alimgeuza kuelekea kibla, akasema bismillahi, akahakikisha kisu ni kikali, na sisi watoto tulinyamaza. Samaki hakuchinjwa. Aliletwa ameshakufa, au alikufa kwenye kapu wakati tunaongea mambo mengine. Dini imemhalalisha, na sina ugomvi na hilo hata leo. Ila nilianza kujiuliza kwa nini kuku alipata dakika yake ya ukimya na samaki hakupata hata ya kuangaliwa.

Dada yangu alipojua, alipiga simu. "Mtoto wa Lindi hali samaki? Una mimba?"

"Sina."

"Umeokoka?"

"Sijaokoka, dada."

"Basi unaumwa." Wiki iliyofuata akanitumia kwa basi kifurushi cha uduvi, wale kamba wadogo waliokaushwa, akisema nitie kwenye mchicha kidogo kidogo mpaka nirudie samaki.

Na uduvi ule niliula. Nilijiambia uduvi si samaki, kwamba hana ubongo wa kusema ubongo, kwamba hakuna uduvi atakayetambaa jikoni kwangu. Lakini kijiko kimoja kilikuwa na macho meusi yasiyohesabika, na nilikuwa nikiutia huku nikiangalia dirishani. Nilisoma nilichoweza kusoma. Wapo wanaosema kaa na kamba huhisi maumivu, wapo wanaosema hatujui. Mimi nilikuwa na hamu ya nyumbani, na hamu ndiyo iliyoamua. Kifurushi kilipoisha sikuomba kingine, lakini sikusema sitaki.

Ofisini habari zilienea. Kwenye semina waliniwekea sahani ya wali mweupe wakiniita Msabato. Wafugaji walisikia pia. Wakaacha kunipa samaki, nami nikawa sina cha kuwagawia majirani, na polepole mlango wangu ukaacha kugongwa. Hilo sikulitegemea. Nilidhani ninaacha kitoweo tu.

Sasa nimzungumzie mzee wa Matogoro. Alikuwa mjane, mwenyeji wa Namtumbo, amelima tumbaku maisha yake yote kabla ya kuhamia kwenye shamba dogo chini ya vilima ili mkewe awe karibu na hospitali. Mkewe alifariki wakiwa wameshaanza kuchimba bwawa kwa jembe. Alilimalizia peke yake. Sikio lake la kushoto halikusikia, kwa hiyo aliongea kwa sauti ya kuita mtu ng'ambo, na uvumi wa wafugaji wenzake ulimpita. Aliniita mama samaki. Mimi ndiye niliyempa vifaranga vya kambare, mimi ndiye niliyemwambia sentensi ile. Nilimtembelea kuliko mfugaji mwingine yeyote, na wala si kwa sababu bwawa lake lilikuwa na shida. Kwake palikuwa na viti viwili nje, na alikuwa akifuta cha pili kila anaposikia pikipiki.

Mavuno yake ya kwanza aliyapanga yaangukie Kwaresima, maana Wakatoliki Ijumaa hawali nyama na samaki hutafutwa. Alinialika. Nilipofika alikuwa ameshatoa kambare thelathini na kitu, wako kwenye mabeseni mawili chini ya paa la jiko, wanapanda juu ya wenzao, wanafungua na kufunga midomo. Yeye mwenyewe alikuwa amevaa shati la kanisani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mama samaki! Karibu, karibu, kaa hapa. Leo hukai kikazi."

Mezani palikuwa na kitambaa chenye maua ambacho sikuwahi kukiona, nadhani kilikuwa cha marehemu. Aliingia ndani akatoka na sahani kubwa. Kambare mzima, kichwa na mkia, mkubwa kuliko wote, kwenye mchuzi aliouhangaikia mwenyewe. Upande mmoja ulikuwa umeungua.

"Nimemtenga toka juzi," alisema. "Huyu ni wako."

Ningeweza kula. Mpaka leo nafikiri hivyo. Tonge tatu, mbili hata. Kambare yule alikuwa ameshakufa, na kukataa kwangu hakukumfaa kitu. Lakini nyuma ya mzee niliwasikia wale wa kwenye beseni wakipiga mikia, na mdomo ulijisemea wenyewe.

"Mzee, nisamehe. Mimi sili samaki."

Alinigeuzia sikio la kulia. "Unasemaje?"

Ikabidi niseme tena, kwa sauti, na mara ya pili lilikuwa neno baya zaidi.

"Tumbo?"

"Si tumbo. Niliacha. Nawaonea huruma."

Alikaa. Aliitazama sahani, akanitazama mimi. "Mbona samaki si nyama?" aliuliza, na aliuliza kweli, kama mtu anayedhani pengine mimi nimekosea hesabu ndogo. Kisha uso wake ukabadilika taratibu. "Wewe ndiye uliyekuja hapa na vifaranga kwenye mfuko. Ulinifundisha kuwalisha. Ukaniambia hawafi haraka, ukalisifu hilo. Sasa kitu ambacho wewe mwenyewe hukitaki mdomoni, kwa nini ulinipa mimi?"

Nilisema kazi ni kazi. Ndilo jibu nililokuwa nalo.

"Haya," alisema. Akachukua kitambaa cha sahani akamfunika yule kambare, kama anavyofunikwa maiti au chakula cha mgeni ambaye hajafika. Nilikaa dakika chache, nikaaga. Hakuinuka.

Sikurudi Matogoro kwa wiki sita. Mvua zilikuwa kubwa, na nilizitumia kama sababu. Jioni nilikaa na maharage yangu, redio ikiongea, na swali la mzee likawa haliondoki. Niliandika barua ya kuomba kuhamishiwa idara ya mazao. Niliisoma mara mbili nikaona kwamba mimi ningeondoka kwenye mabwawa na kambare wangebaki kwenye beseni. Barua ile bado ninayo, sikuipeleka.

Mwishowe nilimwendea fundi seremala nikamwomba anichongee rungu fupi la mninga, lenye kichwa kizito. Aliniuliza ni la wezi. Nikamwambia ni la samaki, akadhani namtania.

Mzee alinipokea vizuri kuliko nilivyostahili, ingawa kiti cha pili hakukifuta. Nilikifuta mwenyewe kwa kanga. Nikaliweka lile rungu mbele yake, nikamweleza yote, kwa sauti ya juu, upande wa sikio zima: jiko langu, ndoo, majivu, mlango wa nyuma. Nilimwambia kwamba nilipokuwa nasifu uvumilivu wa kambare nilikuwa nasifu saa zile anazokaa akifa. Alisikiliza bila kukatiza. Nilipomaliza nikaanza kujuta.

"Mimi nikishawaweka kwenye beseni," alisema hatimaye, na kwa mara ya kwanza hakupaza sauti, "naenda kunywa chai." Akanyoosha mkono. "Lete hicho kijiti."

Ilibidi nimwonyeshe. Siku hiyo alihitaji samaki kumi na mmoja kwa ajili ya ubarikio wa mjukuu wa jirani. Mimi, nisiyekula samaki, niliwaua saba: unamshika kwa kitambaa chenye maji, unapiga mara moja nyuma ya macho, kwa nguvu, bila kusita, maana ukisita unamwumiza. Wanne waliobaki aliwapiga yeye. Tulipomaliza beseni lilikuwa kimya, na mikono yangu ilinuka bwawa, na nililia kidogo nikijifanya naosha uso. Sijui kama aliona. Alipika majani ya maboga kwa karanga, likolo kama wanavyoita mboga huku, akaniwekea mimi, naye akajipakulia kambare. Tulikula tukitazamana, kila mtu na sahani yake.

Tulikula hivyo mara nyingi kwa mwaka na nusu. Hakuacha samaki, na mimi sikumwomba aache. Alinitania kwamba siku moja nitawahurumia mpaka mchicha. Mimi nilimtania kwa chumvi yake nyingi. Zilikuwa Jumamosi nzuri.

Kisha miguu ikaanza kumvimba, na binti yake akaja kumchukua, akampeleka Namtumbo. Majembe na mabati waliuza; bwawa walilitoa maji. Walinipigia kuomba ushauri wa namna ya kulikausha, na nilikwenda, nikawapiga kambare wa mwisho mmoja mmoja huku binti akiniangalia kana kwamba natambika. Alinishukuru, akaniuliza kama ningependa kubeba wawili watatu.

Sasa kila mfugaji mpya namfundisha rungu. Kwenye fomu za ofisi hakuna sehemu ya kuandika jambo hilo, kwa hiyo haliandikwi. Wengine hucheka, wengine hufanya siku nikiwapo tu. Wachache hufanya kweli; nawajua kwa jinsi mabeseni yao yalivyo matulivu. Kula samaki sijui kama ni dhambi, na simwambii mtu ni dhambi. Ninajua nilichokiona sakafuni.

Mzee hunipigia Jumapili baada ya misa, kwa simu ya binti yake. Mazungumzo yenyewe ni kelele tupu. Ananiuliza bwawa la fulani linaendeleaje, namjibu, hanisikii, anauliza tena. Jumapili iliyopita aliniuliza nimekula nini. Nikapaza sauti kwamba nimekula maharage. Akauliza na nani. Nilisogea mbali na dirisha ili majirani wasisikie, nikamjibu kwamba nimekula peke yangu, na akasema, "Eti?" nikamjibu tena.